Kalamu Nyekundu Iache Kabatini, Mwalimu

Dada Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne kwa miaka 31, na sasa ninaishi Korogwe, katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo mimi na mke wangu. Mke wangu alifariki miezi kumi iliyopita. Ameniachia sanduku la bati lililojaa riwaya.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Usiku, tulipokuwa tukiishi nyumba za walimu, mimi nilisahihisha madaftari upande mmoja wa meza na yeye alikaa upande wa pili na hadithi yake, sote tukitumia chemli moja. Nikimaliza kazi yangu namwambia azime, mafuta yanakwisha. Mara nyingi nilimwambia pia kwamba hivyo si vitabu, ni vya kupitishia muda tu. Alikuwa anacheka, anakunja ncha ya ukurasa, anazima taa.

Leo nina muda na nina umeme, lakini kusoma siwezi. Nikifungua riwaya naanza kupigia mstari tashibiha, natafuta dhamira kuu na dhamira ndogo ndogo, nahesabu migogoro. Nikifika ukurasa wa kumi na tano kichwa kinauma. Naweza kukutajia falsafa ya mwandishi, lakini siwezi kukwambia yule binti kwenye hadithi alivaa nini. Kitabu alichokuwa akikisoma mke wangu alipolazwa ni Vuta n'kuvute. Ndani mna tiketi ya basi la Tanga, karibu na katikati. Hicho sijathubutu kukifungua vizuri, nisije nikaiangusha.

Binti yetu aliyeko Dar es Salaam anasema sanduku ligawiwe shule, kwa kuwa kila nikiliona nakosa raha. Nifanye nini? Na kama ni kusoma, nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu, Korogwe

*

Mwalimu, pole sana kwa msiba. Miezi kumi ni kama juzi.

Nianze na lililo jepesi: sanduku lisitoke. Mwambie binti yako, kwa upole, kwamba shule itavipokea vitabu hivyo hata mwakani, au mwaka wa tatu. Yeye anaona huzuni yako na anataka kuipunguza kwa njia anayoiweza mtoto aliye mbali. Mshukuru, kisha mpe kazi nyingine. Kazi yenyewe nitaitaja mwishoni.

Kabla ya riwaya, tuzungumze macho. Nilikuwa muuguzi na mkunga kwa miaka 34, kwa hiyo nilipofika hapo uliposema kichwa kinauma ukurasa wa kumi na tano, niliwaza miwani kwanza. Yako ulipimiwa lini? Mtu akishafika miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho huanza kukakamaa na kushindwa kuona vizuri kilicho karibu, na hali hiyo inazidi mwaka hadi mwaka. Miwani iliyokufaa ukiwa na hamsini huenda leo haikufai tena. Na katika umri wetu mtoto wa jicho huingia polepole mno, mtu akadhani taa ndiyo hafifu. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa ameacha kusoma Biblia miaka mitatu, akijilaumu kwamba imani imempungua. Alifanyiwa upasuaji wa jicho, akarudi kwenye Zaburi wiki zilizofuata. Nenda ukapimwe na mtaalamu, usichague miwani mezani pa stendi kwa kujaribu hii na ile. Unaposubiri, somea barazani asubuhi, mwanga ukitokea nyuma ya bega.

Lakini najua si macho peke yake.

Miaka 31 umesoma riwaya mtihani ukiwa mlangoni. Takadini, Watoto wa Maman'tilie, Joka la Mdimu: hata ukiamshwa usiku wa manane unaweza kumwaga fani na maudhui ya vitabu hivyo vitatu bila kuvishika. Siidharau kazi hiyo. Wako watu wazima leo wanaosoma gazeti na mkataba wa kazi kwa makini kwa sababu mwalimu kama wewe aliwabana. Ila kazi hiyo ilikuzoesha kuingia ndani ya hadithi kama mkaguzi wa majengo: unatazama mabati, unahesabu misumari, unatoka na ripoti. Mke wako aliingia kama jirani, akavuta kigoda, akakaa. Ndiyo maana yeye angekwambia yule binti alivaa nini, na nani alimwazima.

Kwa hiyo hamisha mahali. Usisomee kwenye meza. Tafuta kiti ambacho hujawahi kusahihishia hata daftari moja, na ile kalamu nyekundu iache kabatini, chumba kingine kabisa, uone uvivu kuifuata. Ukikutana na tashibiha tamu na mkono ukawasha, isome sentensi nzima kwa sauti, mara moja, kisha endelea. Usirudi nyuma. Jioni, kabla ya kulala, usijiulize mwandishi anataka kusema nini. Jiulize kesho huyu mtu itamkuta nini.

Nimelifikiria sana pia hilo la mafuta ya taa. Siwezi kukwambia halikumuuma, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo na unajua alivyocheka. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba hakuacha. Aliizima taa leo, kesho akaiwasha. Mwaka hadi mwaka akanunua, akaazima, akaweka, mpaka sanduku la bati likajaa. Mwanamke aliyekatishwa tamaa hafikishi sanduku zima, Mwalimu. Basi nakuomba usivisome vitabu vyake kama mtu anayelipa faini. Ukisoma kwa kujiadhibu utakuwa unamtafuta yeye tu katika kila ukurasa, na watu waliomo humo, ambao yeye aliwapenda, hutawaona.

Sasa nikwambie niliyoyasoma mimi tangu masika, maana nami ni mstaafu na nyumba yangu usiku ni kimya kama yako.

Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale, na wewe nataka uanzie hapo. Nina hakika kimo sandukuni. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda nacho mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Mtu ameuawa, maiti iko penye mzimu, na watu wako tayari kuwasukumia mizimu lawama. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni, anauliza maswali ya kawaida kabisa kwa utulivu wa mtu anayesubiri chai ipoe. Nakipendekeza kwako kwa sababu hadithi ya upelelezi haikupi nafasi ya kuchambua dhamira. Unataka kumjua muuaji, basi. Swali hilo moja linakuvuta mkono kutoka sura hadi sura, na ukurasa wa kumi na tano utaupita bila kujua.

Kuna jambo jingine juu ya mwandishi huyu linalotuhusu mimi na wewe. Aliwahi kufanya kazi ya afya, kisha akawa mwanahabari, akahariri gazeti la Mkulima kwa miaka kumi hadi alipostaafu 1968. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka huo huo. Halafu vikafuata Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa, na mnamo 1984 Kosa la Bwana Msa. Hesabu mwenyewe sehemu kubwa ya kazi yake iko upande gani wa kustaafu.

Kisima cha Giningi nilikisoma mara ya kwanza nikiwa muuguzi kijana, zamu ya usiku, katika hospitali moja ya mkoa. Wodi ikitulia, baada ya kuzungukia vitanda na kuandika vipimo, nilikuwa nakifungua chini ya taa ya mezani. Matroni alinikuta akanipokonya. Nililia kwa hofu ya kuandikiwa barua. Siku ya tatu aliniita ofisini, akakitoa kwenye droo, akanirudishia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninacho kingine. Tangu siku hiyo tulikuwa tunabadilishana hadi alipohamishwa. Na zile riwaya za Musiba ulizowapokonya wanafunzi chini ya dawati, wewe uliwahi kuzifungua ulipofika nyumbani? Kama bado, siku ambayo huzuni imekuzidi na huwezi kubeba kitu kizito, mfuate mpelelezi wake, Willy Gamba, katika Kufa na Kupona. Ni kitabu cha mbio na bastola, kinatembea, na siku nyingine kutembea ndiko kunakohitajika.

Baada ya Bwana Msa nilirudi kwenye Utengano cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 1980. Nilikuwa nimekisoma ujanani na nikadhani nakijua. Maksuudi ni mtu wa mali na heshima mbele za watu, na nyumbani mwake mke na binti hawatoki. Maimuna, huyo binti, anakua akiisikia dunia kwa mbali. Kisha mama, Tamima, anashikwa na uchungu, na mkunga anayeletwa ni Bi Farashuu. Mwalimu, nimezalisha wanawake katika vyumba vya namna hiyo, ambamo kila mtu anausikilizia mlango wa mbele kuliko anavyomsikiliza mama anayelia. Nilipofika hapo nilikilaza kitabu kifuani na nikajikuta nasikilizia mlango wangu mwenyewe, kama kwamba kuna mtu anakuja. Ungeniuliza dhamira ya sura ile nisingekuwa na jibu. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa inajua.

Hicho ndicho ninachokutakia. Usihofu ukikisoma kitabu ukashindwa kueleza ulichojifunza.

Nyota ya Rehema, cha Mohamed Suleiman Mohamed, nilikisoma polepole kwa makusudi, kurasa nane au tisa kwa siku, nisikimalize upesi. Rehema ameonja dharau tangu nyumbani kwa baba yake, na mwisho wa misukosuko yake anaishi na Sulubu, mtu wa jembe, katika shamba ambalo wamelitolea jasho wenyewe. Halafu wanakuja wenye hoja za urithi. Wewe uko Korogwe, umezungukwa na mkonge na watu ambao ardhi ndiyo hadithi ya maisha yao. Hutahitaji mtu kukueleza kinachotokea moyoni mwa Sulubu. Kwangu mimi hii ndiyo riwaya bora ya Kiswahili juu ya mapenzi ya watu wazima, mapenzi ya kuchimba, kupalilia na kula pamoja jioni. Kimetoka 1976 na sijui kwa nini hakitajwi kila siku.

Kipya kuliko vyote nilivyosoma ni Peponi. Hiki huenda hakimo sandukuni, kwani kilitoka 2022. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikiandika kwa Kiingereza kikachapishwa 1994. Akapata tuzo ya Nobel mwaka 2021, na ndipo Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili. Miaka 28 mtu wa kwao asiyejua Kiingereza hakuweza kukisoma, na hilo lilinihuzunisha hata kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Mtoto Yusuf, miaka kumi na miwili, anapanda treni na tajiri Aziz akidhani anakwenda kutembea. Kumbe baba yake ana deni, na yeye ndiye aliyewekwa rehani. Ni enzi za Wajerumani, wale walioanza mwaka 1893 kuijenga kutoka Tanga reli inayopita hapo mjini kwako. Nilisoma safari ya yule mtoto nikiwa najiuliza ni wangapi waliopitishwa kwenye reli hizo bila kuambiwa wanakwenda kufanya nini. Kina sehemu nzito za misafara ya bara ambazo zilinichosha kidogo katikati. Vumilia, bustani ya nyumbani kwa Aziz inarudi.

Usianze na Nagona wala Mzingile vya Kezilahabi. Ni vitabu vya heshima kubwa, lakini vimejaa mafumbo, na vitamwamsha yule mkaguzi ndani yako kabla hajalala vizuri. Mimi mwenyewe Nagona nimeiweka chini mara mbili. Ukimtaka Kezilahabi, mchukue Rosa Mistika, cha 1971, ambacho mwanzoni kilipigwa marufuku mashuleni. Binti amebanwa na baba yake hadi anapofika shuleni hajui hata kuzungumza na mvulana. Wewe uliyelea mabinti wa watu miaka 31 utawaona wengi humo kwa majina yao.

Kama una mjukuu wa sekondari anayekuja likizo, someni naye Siku Njema cha Ken Walibora kwa sauti, mmoja sura hii, mwingine ile. Kijana anayesimulia amezaliwa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, na anaondoka kumtafuta baba huko Kenya. Kusikiliza sauti ya mtoto ikisoma kunaiondoa kalamu mkononi kuliko ushauri wangu wote. Akikwama kwenye neno, msubiri. Usimsahihishe.

Sasa Vuta n'kuvute.

Adam Shafi alikitoa 1999. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake. Anamkimbia. Ndugu zake mwenyewe wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, Unguja, asiye na kitu ila moyo mpana. Kisha anaingia Denge na siasa zake za kumpinga Mwingereza, na mapenzi, na polisi. Amil Shivji amekitengenezea filamu, ya mwaka 2021, na nimeiona, ni nzuri kwa macho. Lakini Mwajuma wa kitabuni anacheka zaidi. Mimi hukisoma kwa ajili ya Mwajuma. Fundi cherehani aliyekaa mezani usiku na taa ya kugawana na mumewe, nadhani naye alimpenda Mwajuma, ingawa hilo ni la kwenu na sikuwepo.

Umesema unaogopa kuiangusha tiketi. Usiiguse. Kitabu hiki bado kinauzwa, na hapa ndipo ilipo kazi ya binti yako. Mwambie apite TPH Bookshop, barabara ya Samora, anunue nakala mpya, aifunge vizuri na aikabidhi kwa basi linalokuja Korogwe. Aandike jina lako juu yake. Nakala ya mama yake ifunge kwa kipande cha kitenge chake, uirudishe sandukuni na tiketi ikiwa pale pale alipoiweka. Hakuna anayekulazimisha kupita hapo kwa kitabu chake. Kuna watakaokwambia ufungue ukurasa ule ule uendelee alipoishia. Mimi naona hapana. Wewe hujui bado kilichotokea nyuma. Anzia mwanzo kama alivyoanza yeye, na kama siku moja utataka kuhesabu alifika wapi, tiketi iko sandukuni, itakwambia.

Lakini kwanza Bwana Msa. Kisha Rehema, kwa kurasa nane nane. Vuta n'kuvute ukiifikia baada ya mwezi au miwili hutakuwa umechelewa. Na siku utakapofika pale Yasmin anaposimama mlangoni kwa Mwajuma, weka kitabu chini, uchukue karatasi, uniandikie amevaa nini.